Linka: programu inayogawa nafasi ndani ya kompyuta za zamani

Kijana mmoja mwenye kusoma informatiki alitupitia radioni na swali lake. Aliandika mchezo mdogo kwa ajili ya masini ya zamani ya Nintendo, kompyuta yake haikulalamika hata kidogo wakati wa kuutengeneza, lakini mchezo wenyewe ulikuwa na kasoro ya ajabu: mchezaji hafi. Anapigwa mara kumi, mara ishirini, maisha yake yanabaki 3 tu. Kijana alisoma mistari yake siku mbili na hakuona kosa. Na kweli, ndani ya mistari hiyo kosa halikuwemo. Lilikuwa kwa linka.

Wengi wanaojifunza programu siku hizi hawajawahi kuiona linka, juu inafanya kazi yake kimyakimya nyuma. Ukiandika programu kwa lugha ya C, kompaila inageuza kila faili yako kuwa kipande cha lugha ya masini, chenye jina linaloishia na .o. Kipande hicho kinajua kazi yake, lakini hakijui kitakaa wapi ndani ya kumbukumbu. Na kama kinahitaji kitu kilicho ndani ya kipande kingine, kinaacha pengo: hapa adresi itaandikwa baadaye. Linka ndiyo inakusanya vipande vyote, inampa kila mmoja mahali pake, inajaza mapengo, kisha inatoa faili moja iliyo tayari.

Kwa simu ama kompyuta ya leo, mfumo wa masini unatafutia programu nafasi wakati unaifungua. Kwa masini za zamani hakuna wa kukutafutia. Wewe mwenyewe unasema kila kitu kitakaa wapi, sawa vile mtu wa kugawa parsele anavyopima kabla ya watu kujenga. Ukipima vibaya, nyumba itajengwa tu, lakini itakuwa mtoni.

Tuchukue familia ya masini zinazotumia prosesa 6502, iliyotolewa na kampuni MOS Technology mwaka 1975. Ilikuwa ndani ya Apple II (1977). Ndugu zake wa karibu walikuwa ndani ya Commodore 64 (1982) na ndani ya masini ya michezo ya Nintendo iliyoanza Japani mwaka 1983 kwa jina Famicom, kisha ikajulikana Marekani kama NES. Prosesa hiyo inahesabu adresi kuanzia 0 mpaka 65535, basi. Kila kitu lazima kiingie humo: kumbukumbu, programu, picha za kioo, hata vifungo vya mchezaji.

Kwa Commodore 64, maandishi ya kioo yanakaa adresi 1024 mpaka 2023, na programu ya kawaida inaanza 2049. Kwa hiyo bayiti mbili za kwanza za faili (waliosoma kwa Kifaransa wanasema okte) zinabeba namba hiyo 2049, kusudi masini ijue pa kuiweka. NES iko na ukali zaidi. Kumbukumbu yake ya kuandikwa na kufutwa ni bayiti 2048 tu. Programu inakaa ndani ya kaseti, na kwa kaseti rahisi kabisa ni adresi 32768 mpaka 65535. Pale unaweza kusoma. Kuandika, hapana.

Chombo kinachotumiwa sana kwa masini hizi ni cc65. John R. Dunning ndiye aliandika kompaila ya mwanzo kwa ajili ya kompyuta za Atari. Ullrich von Bassewitz akaiendeleza na akaongeza linka inayoitwa ld65. Leo inatunzwa na watu wa kujitolea, na hailipishwi. Ukishaipakua unaweza kufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo huku kwetu si dogo.

ld65 haina dirisha wala vifungo vya kubonyeza. Unaiandikia amri kwa mstari mmoja:

ld65 -C mchezo.cfg -o mchezo.nes -m ramani.txt kuanza.o mchezo.o nes.lib

Baada ya -C ni faili ya mipango, ile ya kugawa parsele. Baada ya -o ni jina la kitakachotoka. Baada ya -m ni ramani, tutairudilia. Kisha vipande vyako, na mwisho maktaba. Mpangilio huo si mapambo. Maktaba inakuja nyuma juu linka inachota ndani yake vile tu ambavyo vipande vilivyotangulia vimeviomba. Ukiiweka mbele, utaambiwa kuna jina linaloitwa na halipatikani popote.

Faili ya mipango iko na sehemu mbili. Ya kwanza, MEMORY, inataja maeneo ya masini. Ya pili, SEGMENTS, inasema ni mizigo gani inaingia eneo gani. Kompaila inapanga mizigo kwa majina: CODE ni maagizo ya programu, RODATA ni vitu visivyobadilika, BSS ni vigeu visivyo na thamani ya kuanzia, na DATA ni vigeu vyenye thamani ya kuanzia, kama vile maisha = 3.

Hapo kwa DATA ndipo wengi wanaangukia. Kijana wetu aliandika hivi:

DATA: load = PRG, type = rw;

PRG ni jina alilolipa eneo la kaseti. Maana yake kigeu maisha kilikaa ndani ya kaseti. Mchezo ukikisoma, unapata 3, vizuri kabisa. Ukitaka kupunguza, unaandika 2 mahali pasipoandikika, na hakuna kinachobadilika. Ndiyo maana mchezaji hafi.

Dawa ni kukipa kigeu hicho adresi mbili: moja ya kuhifadhiwa masini ikiwa imezimwa, nyingine ya kuishi masini ikifanya kazi.

PRG: start = $8000, size = $7FFA, type = ro, fill = yes, file = %O;
RAM: start = $0300, size = $0500, type = rw, file = "";
DATA: load = PRG, run = RAM, type = rw, define = yes;

Alama ya dola hapa si makuta. Inaonyesha hesabu ya 16: $8000 ni 32768, $0300 ni 768, na $0500 ni 1280. Eneo la RAM halianzii 0 juu bayiti 768 za mwanzo zina kazi nyingine, kati yake ule mrundo ambapo prosesa inaweka adresi za kurudilia. PRG inaishia bayiti 6 kabla ya mwisho, kwa sababu pale prosesa inasoma adresi ya kuanzia wakati masini inawashwa. Na angalia yale maneno type = ro: yanaambia linka kwamba eneo hili halibadiliki. Kijana hakuyaandika. Kama angeyaandika, linka ingekataa mara moja kuweka DATA pale, na asingepoteza siku mbili.

Lakini bado. Linka inapanga tu, haihamishi. Masini ikiwashwa, RAM haina ile 3. Programu yenyewe lazima, kabla ya kitu kingine chote, inakili thamani kutoka kaseti kwenda RAM. Neno define = yes linatoa majina matatu, __DATA_LOAD__, __DATA_RUN__ na __DATA_SIZE__, kusudi anayenakili ajue atoe wapi, apeleke wapi, kiasi gani. Mimi mwenyewe nilipojaribu nilisahau kunakili. Kwangu mchezo uliisha kabla ya kuanza, maisha 0.

Ndiyo maana ninamshauri kila mtu asiache -m. Ile ramani.txt inaonyesha kila segimenti inaanzia wapi, inaishia wapi, ina ukubwa gani. Ukiona DATA inaanza na 8 ama zaidi mbele, iko ndani ya kaseti. Nafasi ikikosekana linka inasema yenyewe ni eneo gani limejaa na limepitwa kwa bayiti ngapi.

Anayeanza hahitaji kubeba yote haya siku ya kwanza. Kwa Commodore 64, mstari huu unatosha:

cl65 -t c64 -o jambo.prg jambo.c

cl65 inaita kompaila, kisha linka, na mipango ya masini hiyo imo tayari ndani. Kujaribu pia hakuhitaji masini yenyewe: kuna programu ya bure inayoiga Commodore, inaitwa VICE, na nyingine kwa NES, inaitwa FCEUX.

Kijana alisahihisha faili yake, akaongeza kunakili, akaunganisha upya. Mchezaji sasa anakufa. Analalamika tu kwamba mchezo umekuwa mgumu.