Ngoma ya Hekaluni Kusini mwa India

Wenye ramani darasani waitazame India, upande wa kusini, wautafute mji wa Thanjavur. Hapo pana hekalu kubwa la mawe la mungu Shiva. Mfalme Rajaraja wa ukoo wa Chola alimaliza kulijenga kama mwaka 1010. Maandishi yaliyochongwa ukutani yasema kwamba mfalme alileta wanawake 400 kutoka mahekalu mengine, akampa kila mmoja nyumba na fungu la mpunga kila mwaka. Majina yao yamo, mmoja mmoja. Si mara nyingi mfalme wa zamani huchonga jiweni majina ya wanawake wasio jamaa zake!

Baadaye wanawake wa hekaluni waliitwa devadasi, maana yake watumishi wa mungu. Binti aliozwa kwa mungu, akavikwa alama ya ndoa shingoni. Mume huyo hafi, basi mkewe hawezi kuwa mjane. Kwa hiyo watu walimwona ana heri, wakamwalika arusini.

Ngoma yao huchezwa magoti yamekunjwa, njuga miguuni, vidole na macho vikisema. Wimbo humtaja mungu kuwa mpenzi aliyechelewa. Mchezaji anangoja, anakasirika, anasamehe. Mgeni aweza kudhani ni mapenzi ya dunia tu. Kwao ndiyo ibada yenyewe: roho inamtamani mungu wake.

Wakati wa utawala wa Waingereza wafalme walipungukiwa na nguvu, na riziki ya wachezaji ikapungua. Tena wasichana wengine waliwekwa wakfu wangali wadogo, wasiulizwe, kisha wakawa vimada wa matajiri. Daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake alitoka katika jamaa za devadasi, alipigana na desturi hiyo, na mwaka 1947 sheria ya Madras iliikataza. Sheria ilikuwa ya haki. Lakini wanawake waliokuwa wakila kwa ngoma walikosa kazi, na wengi hawakupewa nyingine.

Ngoma yenyewe haikufa. Ilipewa jina jipya, Bharatanatyam, ikahamia jukwaani. Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la Brahmin, aliicheza mbele ya watu mwaka 1935, na mwaka 1936 akaanzisha chuo. Aliyapunguza mambo ya mahaba, akitaka ngoma iwe safi.

Balasaraswati, aliyezaliwa mwaka 1918 katika jamaa ya wachezaji wa zamani, hakukubali. Kwake mahaba yale hayakuwa uchafu wa kusafishwa. Ndiyo njia ya kumfikia mungu. Mwaka 1975 alifananisha maonyesho na kuingia hekaluni: kwanza lango, kisha kumbi, na mwisho, nyimbo zile za polepole za mapenzi, ni kama kusimama chumba cha ndani kabisa, mahali patulivu.

Jadilianeni darasani: kati ya wanawake hawa wawili, yupi aliihifadhi ngoma?