Nishani Isiyopata Mwenyewe

Kuhukumu mashindano ya mbio ni kazi nyepesi. Utepe umevutwa mwisho wa uwanja, naye wa kwanza kuukata aonwa na watu wote. Hadithi hazikimbii, wala picha hazina utepe wa kukata. Mtu aliyewekewa mezani vitabu vingi vilivyotungwa kwa ajili ya watoto, akaambiwa achague kimoja kilicho bora, amepewa kazi isiyopimwa kwa saa wala kwa mizani. Hata hivyo kazi hiyo imefanywa mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, na historia yake ina mafunzo kwa kila mtu ambaye siku moja ataketi kuhukumu kazi ya mwenziwe, au atasimama kungoja hukumu ya kazi yake mwenyewe.

Nishani kongwe ya vitabu vya watoto ilianzia Marekani. Katika mwaka wa 1921 Frederic Melcher, mhariri wa jarida la wauza vitabu, aliwaendea watunzaji wa maktaba waliokuwa mkutanoni, akawapa shauri kwamba pawe na nishani ya kila mwaka kwa mtungaji wa kitabu bora cha watoto. Shauri lake lilikubaliwa. Nishani ikapewa jina la John Newbery, muuza vitabu wa London katika karne ya 18, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufanya vitabu vya watoto kuwa biashara yenye heshima. Mwaka wa 1922 watunzaji wa maktaba walipiga kura 212, na 163 kati ya hizo zilikiangukia kitabu cha historia ya wanadamu, *The Story of Mankind*, cha Hendrik van Loon, ambaye alikiandika na kukichorea picha yeye mwenyewe. Baadaye kazi ya kuchagua ilitolewa katika kura za wengi ikakabidhiwa kamati. Mwaka wa 1938 ikatolewa kwa mara ya kwanza nishani ya pili, iliyoitwa kwa jina la mchoraji Mwingereza Randolph Caldecott, kwa ajili ya wale wanaovipamba vitabu vya watoto kwa picha.

Waingereza nao walifuata njia hiyo. Chama cha Maktaba cha nchi hiyo kilianzisha Nishani ya Carnegie mwaka wa 1936. Jina hilo ni la tajiri Andrew Carnegie, ambaye fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Hiyo ilikuwa nishani ya watungaji. Mwaka wa 1955 wakaongeza ya wachoraji, wakaiita kwa jina la Kate Greenaway, mwanamke aliyechora watoto kwa ustadi mkubwa katika karne ya 19. (Tangu mwaka wa 2023 nishani hii ya wachoraji nayo inaitwa kwa jina la Carnegie.)

Hapo ndipo lilipotukia jambo ambalo insha hii yataka kulitazama. Vitabu vya mwaka wa 1955 vilikusanywa, vikasomwa, na picha zake zikapimwa. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa nishani. Kila mtu angetazamia kuona mshindi wa kwanza akitajwa na kupongezwa. Lakini waamuzi walitamka kwamba hapakuwa na kitabu kilichostahili, na nishani mpya ikabaki bila mwenyewe.

Msomaji, fikiri kidogo uzito wa tamko hilo. Wachoraji walikuwa wamefanya kazi yao, na wachapishaji walikuwa wametumia fedha zao. Hapana shaka kwamba hata katika mwaka mchache wa mazao kilikuwapo kitabu kimoja kilichozidi vingine. Ingekuwa rahisi kukitwaa hicho, kukipa nishani, na kila mtu aende zake kwa furaha. Kwa nini basi waamuzi wachague njia ya lawama?

Jibu laonekana tukiuliza swali jingine: nishani ni ya nani? Kwa macho ni ya mchoraji, maana ndiye anayeishika mkononi. Lakini kwa kazi yake nishani ni ahadi kwa mtu mwingine kabisa. Mtunzaji wa maktaba katika mji mdogo, mwenye fedha chache za kununulia vitabu, husoma orodha ya washindi na kuagiza. Mwalimu naye hufanya vivyo hivyo, na mzazi vilevile. Hawana nafasi ya kusoma vitabu vyote vya mwaka mzima. Hutegemea neno la waamuzi. Na mwisho wa safari hiyo yuko mtoto mmoja, ambaye hajui habari za kamati wala kura, akikifunua kitabu kwa kuamini kwamba wakubwa wamemchagulia vizuri. Nishani ikitolewa kwa huruma, anayedanganywa ni mtoto huyo. Wazee wetu walikwisha kuliona jambo hili waliposema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwaka uliofuata, wa 1956, nishani ilipata mwenyewe. Alikuwa Edward Ardizzone, mtu aliyekuwa mchoraji rasmi wa vita katika Vita Kuu ya Pili, na ambaye alianza kuchora visa vya mvulana aitwaye Tim kwa kuwafurahisha watoto wake mwenyewe. Katika kitabu kilichoshinda, *Tim All Alone*, Tim arejea nyumbani akuta nyumba imefungwa na wazazi wake hawapo. Ndipo asafiri baharini kuwatafuta. Kisa hicho ni cha huzuni kwa mtoto, na picha za Ardizzone haziifichi huzuni hiyo wala hazimwachi Tim aangamie ndani yake. Baada ya mwaka wa kunyimwa, hukumu ya namna hiyo ilikuwa na nguvu, maana kila mtu alijua kwamba waamuzi hawa waweza kusema hapana.

Nao waliweza kusema hapana tena. Kwa vitabu vya mwaka wa 1958 Nishani ya Greenaway haikutolewa. Hata Nishani ya Carnegie ilikuwa imezuiwa kwa miaka ya 1943 na 1945, wakati karatasi ilipokuwa haba kwa sababu ya vita, na ikazuiwa mara nyingine kwa mwaka wa 1966, wakati wa amani.

Lakini haifai kuwasifu waamuzi kana kwamba hawakosei. Mtu akatazaye tamu na chungu kwa watu wengine lazima naye awe tayari kuhukumiwa, na hakimu wa mahakimu ni wakati. Yafaa tutazame hukumu mbili ambazo wakati umezipima.

Ya kwanza ni ya mwaka wa 1937, Uingereza. Nishani ya Carnegie alipewa Eve Garnett kwa kitabu *The Family from One End Street*, alichokiandika na kukichorea picha. Habari zake ni za jamaa ya watu wa kawaida kabisa: baba ni mzoa taka wa mji, mama ni dobi, na watoto ni saba. Garnett alikuwa ameuona umaskini wa London kwa macho yake alipokuwa akichora watoto wa mji huo, na wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu chake kabla ya kupatikana mmoja aliyekikubali. Katika siku hizo watoto wa hadithi walikuwa aghalabu wa nyumba zenye watumishi, na mtoto wa dobi alipotokea alikuwa akipita tu mlangoni. Waamuzi walikichagua kitabu hiki katika mwaka uleule ambao J. R. R. Tolkien alitoa *The Hobbit*, kitabu ambacho tangu hapo kimezunguka dunia nzima. Wako wanaosema kwamba waamuzi walikosea. Huenda. Walakini yafaa tukumbuke kwamba mtoto wa mzoa taka aliyeingia maktaba mwaka ule alikuta kitabu chenye nishani, na ndani yake mna watu wa nyumba kama yao, wenye akili, ucheshi na heshima. Hilo si jambo dogo.

Hukumu ya pili ni ya Marekani, mwaka wa 1953. Mbele ya kamati ya Newbery palikuwa na *Charlotte's Web* cha E. B. White, chenye picha za Garth Williams, habari za buibui aliyeyaokoa maisha ya nguruwe kwa maneno aliyoyafuma katika utando wake. Nishani ilikwenda kwa *Secret of the Andes* cha Ann Nolan Clark, habari za mvulana mchunga wanyama katika milima ya Peru. Kitabu cha White kikawekwa katika daraja ya chini yake. Leo kitabu cha buibui kimeuzwa nakala kwa mamilioni na chasomwa katika lugha nyingi, ambapo wanaokitafuta kile kilichoshinda ni wachache. Je, kamati ilikuwa pofu? Sidhani. Kamati huhukumu katika mwaka mmoja, kwa macho ya watu wazima wachache, na haiwezi kuingia katika nyoyo za watoto ambao hawajazaliwa. Kitabu cha White nacho hakikudhurika. Kilikosa nishani, kikaendelea na safari yake kutoka mkono wa mtoto hata mkono wa mtoto.

Iko hukumu ya tatu ambayo yatuhusu sisi kwa karibu zaidi. Katika mwaka wa 1972 kamati ya Caldecott ilikipa daraja ya heshima kitabu kiitwacho *Moja Means One*. Maneno yake yaliandikwa na Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyepata kufundisha sanaa katika shule moja nchini Uganda, na picha zilichorwa na Tom Feelings. Kitabu hicho chawafundisha watoto wa Marekani kuhesabu kwa Kiswahili kutoka moja hadi kumi, kwa picha za maisha ya Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1975 kitabu chao kingine, *Jambo Means Hello*, kilicho na herufi 24 za alfabeti ya Kiswahili, kilipata heshima hiyohiyo. Tom Feelings alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Angalia miaka, msomaji: nishani ya Caldecott ilikuwa imetolewa tangu mwaka wa 1938. Yaani kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna mchoraji mweusi aliyefika hata katika daraja hiyo. Swali la mwamuzi, "Je, kitabu hiki kinamfaa mtoto?", laonekana kuwa swali safi, lakini jibu lake lategemea ni mtoto gani anayemwona moyoni anapouliza. Aliyemwona mtoto wa nyumba za kitajiri peke yake hangeweza kumchagua mtoto wa dobi. Na aliyemwona mtoto mweupe peke yake angehesabu kwa Kiingereza siku zote.

Kwa sababu hii ilikuwa haki watoto wenyewe waitwe mezani. Tangu mwaka wa 1992, katika shule na maktaba za Uingereza, vikundi vya wanafunzi husoma vitabu vilivyofikia hatua ya mwisho ya Nishani ya Carnegie, wakavijadili na kutoa hukumu yao kabla hawajasikia ya wakubwa. Mara nyingine hukubaliana na waamuzi, mara nyingine hutofautiana nao. Na mwaka wa 2007, nishani ilipotimiza miaka sabini, watu wote waliombwa kupiga kura kuchagua kitabu bora kati ya kumi vilivyoteuliwa miongoni mwa washindi wa miaka yote. Kilichoshinda ni *Northern Lights* cha Philip Pullman. Kile cha jamaa ya mzoa taka hakikushinda, lakini kilikuwa kimoja wa wale kumi, miaka sabini baada ya wachapishaji kukikataa.

Basi tumejifunza nini? Wengi wenu mmesimama mbele ya waamuzi katika mashindano ya muziki, ya michezo ya kuigiza au ya insha, na wengi mtaketi siku moja katika viti vyao. Aliyeketi katika kiti hicho na asome kila ukurasa, apime mpango wa kisa, uhai wa watu wake na usafi wa lugha. Na mbele ya picha ajiulize kama yaongeza jambo ambalo maneno hayakulisema. Ajiulize pia ni watoto gani ambao hajapata kuwafikiria. Kisha aseme kweli, hata kama kweli hiyo ni kwamba mwaka huu hakuna aliyestahili.

Naye aliyekosa nishani asiitupe kalamu. Wachoraji wa Uingereza walirudi mezani mwaka wa 1956 baada ya kunyimwa wote, na kitabu kizuri kilichoshindwa mbele ya kamati bado kina mbele yake mahakama iliyo kubwa zaidi, ya wasomaji wa miaka ijayo. Huko chema chajiuza, kibaya chajitembeza.