Barua, Redio na Simu Mlimani Meru

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu. Leo ni somo la historia. Tutatazama jinsi watu wa Mlima Meru, tangu huku kwetu Olmotonyi na Ngaramtoni mpaka Engare Nanyuki upande wa pili wa mlima, walivyoanza kuzungumza na watu wa nchi za mbali. Tena kila tukifika mahali, nitawauliza swali moja: nani alisimama mlangoni? Nimelichagua somo hili kwa sababu wengi wenu mna watoto shuleni, na watoto hao leo huzungumza na watu wa mbali kwa chombo kinachoingia mfukoni.

Basi tuanze na barua. Wajerumani walijenga boma la Arusha mwaka 1900. Reli kutoka Moshi ikafika Arusha mwaka 1929. Tangu hapo barua iliyotiwa posta pwani iliweza kupanda gari la moshi mpaka Arusha mjini. Lakini haikupanda mlima mpaka nyumbani kwa mtu. Anwani iliyoandikwa juu ya bahasha ilikuwa ya misheni, au ya shule, au ya duka la mtu fulani. Karani au mwalimu alishika fungu la barua, akaita majina, na aliyesikia jina lake akaja mbele kupokea.

Kisha ilikuja kazi ya pili. Wengi hawakujua kusoma. Mwenye barua alimtafuta msomaji, wakakaa pembeni, msomaji akaifungua. Hapo msomaji akajua mambo yote: deni, ugonjwa, posa, ugomvi wa shamba. Msomaji mwema aliyafunga moyoni. Msomaji mbaya aliyapeleka kwenye pombe, na jioni ile ile kijiji kizima kikajua. Wazee wetu walijifunza upesi kuchagua msomaji. Hawakumchagua kwa kuwa anasoma haraka. Walimchagua kwa kuwa wanamjua yeye na wanawajua wazazi wake.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, askari wa Afrika Mashariki walipopelekwa mpaka Burma mwaka 1944, barua zao zilisomwa kwanza na wakaguzi wa jeshi kabla ya kuruhusiwa kwenda. Hivyo barua moja iliweza kupita mbele ya macho ya watu watatu au wanne. Ilikuwa taabu, naam. Lakini kumbukeni kwamba barua haikufika mikononi mwa mtoto bila mtu mzima kuiona. Hata baadaye, wanafunzi walipokuwa wakiandikiana na marafiki wa kalamu wa Ulaya na Marekani, barua zile mara nyingi zilikuja kwa sanduku la posta la shule. Mwalimu aliona stempu, akauliza, “Huyu ni nani anayekuandikia?” Mtoto akajibu. Swali hilo dogo lilikuwa ulinzi mkubwa.

Sasa niwapeni habari ya mtu mmoja wa mlima huu, maana nisipoitaja mtadhani nawafundisha kuuogopa ulimwengu. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Watu hawakuinua mikuki. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na wakaao katika nchi ya namna hiyo walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko. Basi wakaandika. Wakachanga fedha, mtu shilingi zake kidogo kidogo. Wakasaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York, akasimama mbele ya wajumbe wa mataifa akaeleza yaliyowapata watu wake.

Mwisho wake je? Katika kamati wengi waliwaunga mkono Wameru, lakini katika Baraza Kuu kura hazikutimia theluthi mbili zilizotakiwa. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo jina la Meru lilikuwa limesikika, na Watanganyika wengi walitambua kwamba mtu mweusi wa kijijini aweza kusema na ulimwengu ukamsikiliza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1955, Julius Nyerere naye alikwenda huko huko kusema kwa ajili ya nchi nzima. Kirilo na Seaton waliandika kitabu juu ya kesi ile, nacho kilichapishwa mwaka 1967.

Nani alisimama mlangoni safari hii? Wameru walimjua waliyemtuma. Walijua anakwenda wapi na kusema nini. Naye alijua yuko mbele ya nani. Mimi naona hilo ndilo lililowapa nguvu, kuliko hata ndege iliyompeleka.

Kwenye redio sitakaa sana, kwa kuwa ninyi wenyewe mnaisikiliza sasa hivi. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, madarasa kama hili lenu yalizidi kuenea nchini. Mwaka 1973 kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ina sifa moja njema: haikuulizi jina lako. Haijui unakaa wapi, wala haiwezi kumwomba mtoto wako picha. Inasema tu, nawe unasikiliza au unaizima.

Kompyuta ina hadithi nyingine. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha miaka ya 1960. Kazi yake haikwenda vizuri, fedha zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siwalaumu waliofanya hivyo. Nchi ilikuwa na fedha chache za kigeni na mambo mengi ya kununua. Lakini marufuku ile ilichukua miaka mingi kulegea, na walimu wengi wa siku zile walimaliza masomo yao bila kuigusa kompyuta hata mara moja. Kisha wakatakiwa wawaongoze watoto. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya baba yule asemaye, “Dawa ni kuwanyang'anya tu.” Mlango ukifungwa miaka mingi, siku ukifunguka hakuna anayejua kuulinda.

Nao ulifunguka kwa kishindo. Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994. Mwaka 2009 waya mkubwa upitao chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukaanza kuyasambaza mawasiliano hayo mikoani. Watu wakauziana bando dukani kama wanavyouziana chumvi. Halafu ulikuja ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, na nyingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Watoto wakaambiwa wasome kwa redio, kwa televisheni, na wenye uwezo kwa simu. Mzazi aliyekuwa akiificha simu yake juu ya kabati akaitoa mwenyewe, akampa mtoto.

Hapo ndipo historia yetu ilipogeuka. Karani wa kuita majina hayupo, wala msomaji, wala mwalimu wa kutazama stempu. Barua inatoka kwa mtu asiyejulikana, inafika moja kwa moja mkononi mwa mtoto aliyejifunika blanketi, saa nne ya usiku. Mwaka 2022 UNICEF, ECPAT na Interpol walitoa taarifa ya uchunguzi wao katika Tanzania. Waliona kwamba watoto 67 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 mpaka 17 hutumia intaneti. Na katika hao watumiaji, watoto 4 katika kila 100 walikuwa wametendewa ubaya wa wazi wa mambo ya uasherati kwa njia hiyo katika mwaka mmoja tu. Nne katika mia huenda ikaonekana ndogo. Hesabuni basi watoto wa shule moja yenye wanafunzi mia tano wa umri huo, wote wakiwa watumiaji. Ni watoto ishirini. Tena mara nyingi mkosaji si mtu wa ng'ambo. Ni mtu ambaye mtoto alikwisha kumjua.

Kazi hiyo ya uovu hufanywaje? Tuseme binti yako wa darasa la saba anapata ujumbe. Mwandishi anasema naye ni mwanafunzi, anakaa mji fulani, anapenda mpira. Anamsifu. Siku ya tatu anaomba picha ya kawaida. Siku ya kumi anaomba picha nyingine, isiyo ya kawaida, na anasema, “Usimwambie mtu.” Sikilizeni neno hilo, ndugu zangu. Rafiki wa kalamu wa zamani hakulihitaji. Picha ikisha kupatikana, sifa hugeuka vitisho: leta fedha, au leta picha zaidi, ama sivyo nitampelekea baba yako na walimu wako. Sasa mtoto amenaswa, na kamba inayomfunga ni hofu ya kupigwa nyumbani.

Kwa hiyo fimbo humsaidia yule mwovu. Mtoto akijua kwamba atapigwa, atanyamaza, na kunyamaza ndiko anakokutaka yule mtu. Mtoto akija kwako akilia, mwambie kwanza kwamba amefanya vema kusema. Kisha msifute ujumbe ule, hata kama unachukiza, maana ndio ushahidi. Wala picha hiyo usiipeleke kwa shangazi wala kwenye kundi la ukoo ili “mjionee.” Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamshika mtu anayesambaza picha chafu za mtoto, hata kama aliumia moyoni alipokuwa akizisambaza. Nendeni polisi, mwulize Dawati la Jinsia na Watoto. Au pigeni namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haitozi fedha. Mtoto mwenyewe aweza kuipiga.

Hata hivyo nisingependa watoto wa Olmotonyi wakose mazuri yaliyomo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya mtandaoni. Darasa la huku laweza kuwaandikia watoto wa nchi nyingine, likawaeleza habari za misindano na mikaratusi ya msitu wetu, na za Chuo cha Misitu kilicho jirani, nao wakaeleza habari za kwao. Ila darasa liandike kama darasa. Mwalimu awepo, na mwalimu wa upande wa pili ajulikane kwa jina na kwa shule yake. Mtoto ataje jina lake la kwanza, basi. Njia anayopita kurudi nyumbani na saa anayopita si habari ya kumpa mtu. Nyumbani nako, simu itumike sebuleni au jikoni, mahali watu wanapopita, na usiku ilale kwa mzazi.

Najua wapo wanaosema moyoni, “Mwalimu, mimi ndiyo kwanza najifunza herufi. Nitamlindaje mtoto anayeijua simu kuliko mimi?” Tazameni nyuma basi. Zamani mzee alimtafuta msomaji wa barua. Leo nyumba nyingi msomaji ni mtoto. Ujumbe ukiingia, mama anaita, “Njoo unisomee.” Mtoto anasoma anachotaka na kuruka asichotaka, na hivyo amekuwa mlinzi wa mlango akiwa peke yake, naye ana miaka kumi na miwili. Huhitaji kuijua simu yote. Ukiweza kusoma jina la aliyeandika, na maneno mawili matatu ya mwanzo, umekwisha kuweza kuuliza swali lile la mwalimu wa zamani.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni namba hii: 116. Mwalimu wa darasa aiandike ubaoni kwa tarakimu kubwa, na kila mmoja aiandike tena nyumbani, kwenye karatasi itakayobandikwa ukutani mahali ambapo mtoto ataiona. Chini yake andikeni kwa mkono wenu wenyewe: “Huyu ni nani anayekuandikia?” Kisha zimeni redio, mjadiliane: katika familia yako, zamani, nani alikuwa msomaji wa barua, na kwa nini mlimwamini? Wiki ijayo mwalimu atayasoma majibu yenu. Kwaherini.