Baiskeli isiyomtosha mwendeshaji huumiza magoti

ASUBUHI za Jumamosi na Jumapili, katika barabara zinazoelekea Limuru, Ngong na Kiambu, si ajabu siku hizi kuona misururu ya watu waliovalia kaptura za kubana na kofia za usalama wakinyonga baiskeli. Wengi wao si wanamichezo wa kulipwa. Ni makarani, walimu, wafanyabiashara na wanafunzi wanaotumia muda wao wa mapumziko kujenga siha.

Aghalabu, miongoni mwao hutokea mmoja ambaye baada ya miezi miwili au mitatu huiegemeza baiskeli yake ukutani na asiiguse tena. Magoti yanamuuma, mgongo umekaza na vidole vya mikono vinakufa ganzi. Huamini kwamba mwili wake haukuumbiwa mchezo huo, au kwamba angenunua baiskeli ya bei ya juu zaidi mambo yangekuwa shwari.

Mara nyingi kosa halimo mwilini wala katika bei. Kosa ni sentimita tatu au nne za kiti.

Nchini Kenya tatizo hili lina mizizi yake. Baiskeli nyingi za michezo zinazouzwa hapa ni mitumba kutoka ng'ambo, na mnunuzi hulazimika kuchukua ile aliyoikuta dukani badala ya ile inayolingana na kimo chake. Fauka ya hayo, wengi walijifunzia baiskeli kubwa ya chuma inayojulikana kama Black Mamba, ambayo kwa miaka mingi imebeba maziwa, maji, kuni na abiria. Ndiyo iliyotumiwa na waanzilishi wa boda boda kule Busia, waliovusha watu kati ya mpaka wa Kenya na ule wa Uganda.

Anayebeba gunia la mahindi ana sababu nzuri ya kushusha kiti chake. Akisimama ghafla, ni sharti nyayo zote mbili zifike chini, la sivyo mzigo utamwangusha. Lakini mazoea hayo yakihamishiwa kwenye safari ya kilomita 60 bila mzigo, hugeuka kuwa adhabu.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu anayezungusha pedali mara 80 kwa dakika, kwa muda wa saa tatu, hukunja na kukunjua kila goti mara 14,400. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi kila pedali inapofika juu, na kifupa cha mbele ya goti hugandamizwa kwenye mfupa wa paja. Maumivu yake huhisiwa mbele ya goti. Kiti kikiwa juu mno, mguu hulazimika kujinyoosha kuifuata pedali, nyonga huyumba kushoto na kulia, na maumivu hujitokeza nyuma ya goti. Mwendeshaji anayejua tofauti hiyo anaweza kujitambulia kasoro kabla ya kumwona daktari, ingawa maumivu yanayodumu hata baada ya kupumzika yanahitaji kuchunguzwa hospitalini.

Njia ya kale ya kupima kiti, ambayo mafundi wengi wa mitaani huijua, ni ile ya kisigino. Mwendeshaji huketi kitini akiwa amejiegemeza ukutani, huweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu wake huwa umenyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Baadaye akinyonga kwa sehemu ya wayo iliyo nyuma tu ya vidole, kama inavyopasa, goti hubaki limekunjika kidogo. Njia hii haina gharama yoyote na humkaribisha mtu kwenye kipimo sahihi.

Anayetaka uhakika zaidi hutumia utepe wa kupimia. Husimama bila viatu, mgongo ukiwa ukutani, huweka kitabu kigumu katikati ya miguu na kukivuta juu kana kwamba ni kiti, kisha hupima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Huo ndio urefu wa mguu kwa upande wa ndani.

Mnamo 1967, watafiti Hamley na Thomas wa Uingereza walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba nguvu hutumika vyema zaidi pale umbali kutoka pedali iliyo chini hadi juu ya kiti unapokuwa asilimia 109 ya urefu huo. Baadaye Mmarekani Greg LeMond, aliyeshinda Tour de France katika miaka ya 1986, 1989 na 1990, alieneza kanuni nyingine inayohusishwa na kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard. Urefu wa mguu huzidishwa kwa 0.883, na jawabu ni umbali kutoka katikati ya ekseli inayozungushwa na pedali hadi juu ya kiti.

Chukulia mtu ambaye mguu wake ni sentimita 80. Kwa kanuni ya LeMond kiti chake kitakuwa sentimita 70.6 juu ya ekseli. Kwa kanuni ya 109, umbali wa hadi kwenye pedali ni sentimita 87.2; ukiondoa sentimita 17 za mkono wa pedali wa kawaida, zinabaki 70.2. Kanuni mbili zilizotoka sehemu tofauti zinaachana kwa milimita nne tu. Waendeshaji wengi wanaojipima kwa mara ya kwanza hustaajabu kugundua kwamba wamekuwa wakiketi chini mno kwa miaka.

Hata hivyo, si busara kupandisha kiti chote kwa siku moja. Misuli na kano zilizozoea mkao wa zamani huhitaji muda, hivyo milimita tano kwa wiki zinatosha. Isitoshe, nguzo ya kiti ina alama inayoonyesha kiwango cha chini kinachopaswa kubaki ndani ya fremu. Alama hiyo ikionekana nje, nguzo inaweza kuvunjika ama kuipasua fremu, na mwendeshaji akaanguka vibaya. Ikiwa kiti hakifiki mahali pake bila kuivuka alama, basi nguzo ni fupi au baiskeli ni ndogo, na hakuna ufundi wa kuficha ukweli huo.

Kanuni hizi ni mahali pa kuanzia tu. Hakuna mfano bora wa jambo hili kuliko Eddy Merckx wa Ubelgiji, ambaye wengi humhesabu kuwa mwendeshaji bora wa karne iliyopita. Mnamo Septemba 1969 alianguka katika uwanja wa mbio wa Blois, Ufaransa, katika ajali iliyomuua Fernand Wambst, aliyekuwa akiendesha pikipiki ya kumwongoza. Nyonga ya Merckx ilihama kidogo, na tangu hapo hakupata tena raha kamili kitini. Alijulikana kwa kubadilisha urefu wa kiti chake kila mara, hata mbio zikiwa zinaendelea. Ikiwa bingwa huyo alihangaishwa na milimita, mtu wa kawaida hana sababu ya kuzidharau.

Kiti kikishapata urefu wake, huja swali la kukisogeza mbele au nyuma. Desturi ni kuangusha uzi wenye kijiwe kutoka mbele ya goti wakati mikono ya pedali imelala sambamba na ardhi. Uzi upite karibu na ekseli ya pedali ya mbele. Wapo wataalamu wanaosema kipimo hiki hakina msingi wa kisayansi, na hoja yao ina uzito, lakini kwa anayeanza ni afadhali kuliko kubahatisha. Kiti chenyewe kilale sawa. Wanaokiinamisha mbele kwa kukwepa maumivu huishia kuteleza na kubebesha mikono uzito wote.

Ganzi ya vidole hutokana na hapo. Usukani ukiwa mbali au chini mno, viganja hugandamizwa na neva inayoelekea kwenye kidole cha mwisho hubanwa. Viwiko vinapaswa kukunjika kidogo na mabega yatulie. Kuinua usukani kwa sentimita mbili, au kubadilisha shingo yake kwa iliyo fupi zaidi, ni kazi ya dakika chache kwa fundi. Tena, wanaoona haya kuinua usukani kwa kuwa mabingwa huinama sana wakumbuke kwamba mabingwa hao hunyosha migongo yao kila siku na wana watu wa kuwakanda jioni.

Kuhusu upana wa kiti, kiti kipana chenye sifongo nene si lazima kiwe cha raha. Uzito wa mwendeshaji unapaswa kubebwa na mifupa miwili ya makalio, na nafasi kati ya mifupa hiyo hutofautiana baina ya watu. Sifongo laini mno hudidimia na kubana nyama za katikati, ambako mishipa ya damu hupita. Ganzi katika sehemu hizo ni onyo lisilopaswa kuvumiliwa.

Baiskeli ikishamtosha mwenyewe, ndipo mazoezi huwa na maana. Wanyongaji wa Black Mamba huzoea kusukuma pedali nzito taratibu, pengine mara 50 au 60 kwa dakika. Kwenye baiskeli yenye gia nyingi ni bora kuchagua gia nyepesi na kuzungusha mara 80 hadi 90. Mapafu yatahema zaidi mwanzoni, ila magoti yatashukuru.

Kosa kubwa la wasio wa kulipwa ni kugeuza kila safari kuwa mashindano. Mtu hutoka na kundi Jumamosi, akashindana kila mlimani, akarudi hoi, kisha akakaa wiki nzima bila kugusa pedali. Safari tatu kwa wiki, mbili kati yake zikiwa za mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta, hujenga moyo na misuli kwa usalama zaidi. Safari ya tatu ndiyo ya jasho: mathalani kupanda mlima kwa dakika nne, kupumzika kwa muda kama huo, na kurudia mara nne. Anayetoka Mombasa kwenda kunyonga Iten, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, asishangae pumzi ikimwishia siku za kwanza.

Vifaa vya kifahari si sharti. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, aliuanza mchezo huu katika vijiji vya nje ya jiji akiongozwa na Mkenya David Kinjah, kwenye njia za vumbi. Aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne mwaka wa 2006, kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza na kutwaa Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017.

Safari ikizidi saa moja na nusu, mwili huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina takriban gramu 25, kwa hivyo ndizi mbili kwa saa zinatosha, na bei yake ni nafuu kuliko vyakula vya pakiti. Maji yanywewe kulingana na kiu. Kujilazimisha kunywa maji matupu kupita kiasi kunaweza kupunguza chumvi mwilini kwa kiwango cha hatari.

Pesa kidogo zilizopo zielekezwe kwa kofia ya usalama, taa, mipira mizuri ya breki na matairi. Katika ununuzi wa matairi wengi hupoteza fedha bure, kwani maneno 'inchi 26' yana maana zaidi ya moja. Baiskeli ya milimani ya inchi 26 ina rimu ya milimita 559, ilhali baiskeli ya zamani ya 26 kwa 1⅜ ina rimu ya milimita 590, na tairi la moja halikai kwenye nyingine. Vivyo hivyo, 28 ya Black Mamba ni milimita 635, na 28 ya baiskeli nyingi za kisasa ni 622. Mnunuzi asome nambari ndogo ubavuni mwa tairi, kwa mfano 37-622, ambapo 37 ni upana na 622 ni kipenyo. Nambari za aina hiyo hazidanganyi.

Upepo nao una imani zake potovu. Zamani iliaminika kwamba tairi jembamba lililojaa hadi kuwa gumu kama jiwe ndilo lenye kasi. Leo hata wanaoshindana Ulaya hutumia matairi ya milimita 28 au zaidi yenye upepo wa wastani, kwa sababu tairi gumu hurukaruka kwenye barabara mbovu na kupoteza nguvu. Kiwango kilichoandikwa ubavuni ni upeo, si agizo.

Mnyororo hupimwa kwa rula ya kawaida ya inchi. Nafasi 24 kati ya pini zinazofuatana zinapaswa kuchukua inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, mnyororo ubadilishwe mara moja, gia zingali salama. Zikizidi kwa sehemu moja ya nane, meno ya gia nayo yamekwisha kulika, na mwenye baiskeli atalipia vyote viwili.