Kejeli Iliyogeuzwa Kuwa Amri

Kuna msemo ambao wanasiasa wa Marekani hupenda kumtolea mtu aliyekwama kimaisha: ajiinue kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Vitanzi hivyo ni vile vipande vya ngozi vinavyoshonwa kwenye shingo ya buti ndefu ili mvaaji apate pa kushika anapoingiza mguu. Anayeutamka msemo huo leo ana maana kwamba mtu apambane, asingojee msaada, na jasho lake litamtoa. Haukuzaliwa na maana hiyo. Ulizaliwa ukiwa kejeli, na waliousikia mwanzoni waliucheka kwa sababu walijua kwamba jambo linalotajwa haliwezekani.

Ushahidi wa maandishi ambao wachunguzi wa Kiingereza huutaja sana ni wa mwaka 1834. Mtu mmoja aliyeitwa Nimrod Murphree alikuwa ametangaza kwamba amevumbua mashine ya mwendo usiokoma, yaani mashine inayojiendesha milele bila kutiwa nguvu kutoka nje. Gazeti la Workingman's Advocate likamsuta: sasa basi Bwana Murphree ataweza kujivusha mto Cumberland, au walau ua wa zizi, kwa kujibeba kwa vitanzi vya buti zake. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Na kweli haiwezekani. Unapovuta kitanzi kwenda juu, kitanzi nacho kinauvuta mkono wako kwenda chini kwa nguvu ile ile, na mzigo wote unaishia kwenye nyayo zako. Uvute hadi mishipa ikutoke, hutapanda hata unene wa ukucha. Mwaka 1888 kitabu cha fizikia cha Joel Dorman Steele, kilichosomwa shuleni Marekani, kiliwataka wanafunzi waeleze kwa nini mtu hawezi kujinyanyua namna hiyo. Lilikuwa zoezi la darasani tu, jibu lake likiwa katika kanuni za Newton. Wahenga wetu walilisema jambo la jamii hiyo kwa maneno mawili, kinyozi hajinyoi, na hadi leo hakuna aliyeligeuza likawa shauri la kwamba kila kinyozi ajinyoe.

Wapo wanaodhani msemo ulitokana na Baron Münchhausen, yule mwongo mashuhuri wa hadithi za miaka ya 1780, aliyedai kwamba alizama kinamasini pamoja na farasi wake akajitoa. Lakini katika kisa kile Baron alijivuta kwa nywele zake. Buti hazimo.

Ugeuzi wa maana ulikwenda polepole, na hakuna siku ambayo mtu anaweza kuionyesha kwa kidole. Mwanzoni mwa karne ya 20 maana mbili zilikuwa zikiishi pamoja: wengine bado walitaja vitanzi vya buti kwa jambo la kipuuzi, wengine walianza kuvitaja kwa jambo gumu linalostahili sifa. James Joyce, katika riwaya yake ya Ulysses ya mwaka 1922, tayari anawataja watu waliopanda hadi juu kwa njia hiyo. Mimi naona ugeuzi huu hauwezi kutenganishwa na imani iliyokuwa imeenea Marekani wakati wa viwanda vikubwa: kwamba tajiri amejitengeneza mwenyewe, na maskini vilevile. Imani hiyo ilihitaji msemo wa kuibeba, ikauchukua huu, na kile kilichoufanya uchekeshe kikaachwa nyuma.

Mwandishi anayehusishwa sana na imani hiyo ni Horatio Alger, aliyetoa hadithi ya Ragged Dick mwaka 1868. Dick ni mtoto wa mitaani New York anayeishi kwa kung'arisha viatu vya watu. Ni mkweli, anajifunza kusoma, anaweka akiba. Watu huikumbuka hadithi hiyo kama ushahidi kwamba bidii inatosha. Lakini ukiisoma hadi mwisho, kinachombadilishia Dick maisha ni ajali: mtoto anatumbukia majini kutoka kwenye kivuko, Dick anajitosa na kumwokoa, na baba wa mtoto, mfanyabiashara, anampa kazi ya ukarani. Bidii ilikuwepo, na mkono wa mwenye uwezo ulikuwepo. Wasimuliaji wa baadaye waliibakiza bidii wakaufuta mkono.

Mtu aliyeurudisha ule mkono uliofutwa, mbele ya umma na kwa sauti kuu, ni Martin Luther King. Tarehe 31 Machi 1968 alihubiri katika kanisa kuu la Washington, siku 4 kabla ya kuuawa Memphis. Aliuchukua msemo huu kama ulivyokuwa ukirushiwa watu weusi, akauuliza unasimama juu ya nini. Watumwa waliachiwa huru bila ardhi, huku serikali ile ile ikigawa mamilioni ya ekari za magharibi na za katikati ya nchi kwa wakulima wazungu, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya. Iliwajengea vyuo vya kilimo, ikawapelekea mabwana shamba, ikawapa mikopo ya riba nafuu. Kumtaka aliyenyimwa hata viatu ajiinue kwa vitanzi vya buti, King alisema, ni ukatili.

Hesabu zinamuunga mkono. Sheria ya mwaka 1862 ilimwezesha mtu kupata ekari 160 za ardhi ya serikali akiishi juu yake na kuilima kwa miaka 5. Kwa sheria hiyo zilitolewa ekari zipatazo milioni 270, sehemu moja ya kumi ya ardhi yote ya Marekani. Waliotoka utumwani waliahidiwa kidogo wakanyang'anywa. Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa amri ya kutenga ardhi ya pwani za South Carolina, Georgia na Florida igawiwe familia zao kwa vipande visivyozidi ekari 40. Watu wapatao 40,000 walikwisha kukaa. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliwarudishia ardhi hiyo mabwana wa zamani. Nadhani hakuna anayeweza kuzisoma habari hizi mbili kwa pamoja kisha akautamka msemo ule kwa moyo mwepesi.

Msemo haukuishia katika hotuba. Huko Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, jina la vitanzi vya buti lilipewa mpango mzima wa uchumi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940 chini ya kiongozi wake Luis Muñoz Marín, wa kukihamisha kisiwa kutoka mashamba ya miwa kwenda viwandani. Viwanda vilikuja, kwa mitaji ya Marekani bara na misamaha ya kodi. Na watu malaki kadhaa wakahama kisiwa kwenda kutafuta kazi New York na kwingineko.

Februari 2020, katika kikao cha kamati ndogo ya Bunge la Marekani kuhusu namna ya kupima umaskini, mbunge Alexandria Ocasio-Cortez alisema msemo huo ulianza kama mzaha, kwa sababu kimwili jambo lenyewe haliwezekani. Walitokea watu wa kumcheka. Kihistoria alikuwa sahihi.

Wakati siasa ikiusahau ule mzaha, wahandisi waliukumbuka, na kwao ukawa msaada wa kufikiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watu wa kompyuta kama IBM 701 walikabiliwa na fumbo: kompyuta haifanyi lolote bila programu, na kuisoma programu kutoka kwenye kadi au utepe kunahitaji programu nyingine iwe imeshaingia ndani. Itaanzaje? Suluhisho lilikuwa kitufe. Kikibonyezwa, mashine ilisoma maagizo machache tu, hayo yakasoma mengine, na mengine yakaleta yaliyobaki. Wakauita utaratibu huo kwa jina la vitanzi vya buti. Baadaye jina likakatwa, ikabaki buti peke yake, na ndilo tunalolitumia kila tunaposema kompyuta inabuti.

Wahandisi hawakudanganyana kwamba mashine imejiinua. Walijua yupo aliyeunganisha nyaya za kile kitufe, na yupo aliyeyapanga yale maagizo ya kwanza. Leo maagizo hayo ya kwanza yanahifadhiwa ndani ya chipu, yakiandikwa kiwandani kabla kifaa hakijamfikia mnunuzi. Yale yanayofuata yakiharibika, simu haibuti, na mwenye simu anaweza kubonyeza atakavyo. Fundi wa Kariakoo au wa barabara ya Luthuli, Nairobi, huichomeka kwa waya kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, akaiflashi, yaani akaiandikia upya maagizo yake kutoka nje, ndipo iwake.