Mandhari na Uraibu wa Vijana katika Riwaya: Funzo la Historia ya Dzaleka na Lilongwe

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuitaja mandhari kama mahali na wakati wa tukio, kisha kuiacha na kumgeukia mhusika. Katika riwaya inayosawiri uraibu wa dawa za kulevya miongoni mwa vijana, mazoea hayo yana madhara: msomaji huishia kutafuta chanzo cha ugonjwa katika tabia ya kijana peke yake. Makala haya yanadai kwamba mandhari huamua mambo matatu: dawa humfikiaje kijana, anaweza kukimbilia wapi, na kupona kwake kuna maana gani. Dai hilo linapimwa kwa historia ya Dzaleka, nchini Malawi.

Tuanze na msuko uliozoeleka. Katika Junk ya Melvin Burgess (1996), vijana wawili wanatoroka mji mdogo wa pwani na kuingia Bristol, Uingereza, ambako wanaikuta heroini katika nyumba tupu zinazokaliwa bila kibali. Katika Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei (2014), Dick anatekwa utotoni na kutumbukizwa katika ulanguzi wa dawa za kulevya. Riwaya hiyohiyo inasawiri pia waliopoteza makwao na kukimbilia Msitu wa Mamba. Kazi hizi zinatofautiana sana, lakini zote mbili zinategemea mwendo. Mhusika husafiri kuelekea anguko lake, na njia ya kutoka humo, hata ikiwa ngumu, haijafungwa na sheria.

Historia ya Dzaleka inauvunja msuko huo. Mahali hapa, wilayani Dowa, takriban kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Mwaka 1994, mwaka uleule Banda aliposhindwa katika uchaguzi, pakawa kambi ya wakimbizi, ambao leo wengi wao wanatoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000 ilikuwa na zaidi ya 50,000 kufikia 2023. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti yaliyobana haki ya ajira na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwemo, warejee kambini.

Kwa hiyo, kwa mwandishi wa riwaya, Lilongwe ni mji ulio karibu kwa basi na mbali kwa sheria. Kijana aliyezaliwa Dzaleka hana kijiji cha kurudi akishindwa na mji. Uvira au Bujumbura ya wazazi wake anaijua kwa masimulizi tu. Mji ukimpokea, humpokea kwa siri, na katika siri hiyo mwenyeji wake wa kwanza anaweza kuwa muuza bangi, ambayo Wamalawi huiita chamba. Akikamatwa, ana makosa mawili: alichobeba, na kuwapo kwake pale. Akirejeshwa, anarudi palepale pasipo na kazi alipopakimbia.

Jina lenyewe lina uzito. Katika Kichewa, kuleka ni kuacha, na husimuliwa kwamba jina Dzaleka ni kiapo cha mfungwa: nitaacha, sitarudia. Kiapo hichohicho ndicho jamii humdai mraibu. Riwaya ya mandhari hii italazimika kuuliza: anayeapa kuacha anaachia wapi, ikiwa haruhusiwi kuondoka?

Hata hivyo, kuifanya kambi kuwa kiwanda cha waraibu ni kuwadhulumu wakazi wake. Tangu 2014, Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na mshairi Mkongomani Menes la Plume, limewavuta Wamalawi na wageni kuingia Dzaleka kusikiliza muziki na mashairi. Hapa mwelekeo wa safari unageuka: mji unakuja kambini. Huenda hapo ndipo ulipo msuko mpya, ambamo kijana hapati nafuu kwa kutoroka, anaipata kwa kufikiwa.

Mhakiki, basi, akiisoma riwaya ya uraibu, aanze na sheria ya mahali kabla ya kumhukumu kijana. Mandhari yenye lango lililofungwa haiwezi kusomwa kama mandhari yenye barabara.