Nani Alipie Choo cha Mjini? Miaka 170 ya Hiari ya Halmashauri za Uingereza

Halmashauri za England, kila moja kwa ngazi yake, zina orodha ndefu ya kazi ambazo sheria inazilazimisha kuzifanya. Lazima zizoe taka za majumbani, lazima zitunze barabara, lazima ziendeshe maktaba. Choo cha umma hakimo kwenye orodha hiyo na hakijawahi kuwamo. Madiwani wakipiga kura kufunga choo cha stendi au cha sokoni hawavunji sheria yoyote, na mkazi anayepinga hana kifungu cha kusimamia. Wengi wanaolalamikia kutoweka kwa vyoo hivyo huanza hesabu mwaka 2010, serikali kuu ilipoanza kubana matumizi, na takwimu zinawaunga mkono. Shirika la utangazaji la BBC lilipozihoji halmashauri kubwa mwaka 2018, lilibaini kwamba vyoo walau 673 vilikuwa vimeachwa kuhudumiwa tangu 2010, vikabaki 4,486 Uingereza nzima, na kwamba maeneo 37 hayakuwa tena na hata choo kimoja cha halmashauri. Hata hivyo, kubana matumizi kulirahisishwa na uamuzi wa zamani zaidi. Bunge lilipotunga Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1848 lilizipa bodi za afya za miji ruhusa ya kujenga vyoo kwa ajili ya wapita njia na kuvigharimia kwa kodi ya majengo, kama zingeona inafaa. Kila sheria iliyofuata, ya 1875 na ya 1936, ilirithi ruhusa hiyo bila kuigeuza kuwa wajibu.

Mwaka 1848 hiari hiyo ilikuwa na sababu zake. Kipindupindu kilikuwa kinarudi, ripoti ya mwanamageuzi wa afya ya umma Edwin Chadwick ya 1842 ilikuwa imeonyesha jinsi uchafu ulivyowaua maskini wa mijini, na walipa kodi ya majengo, ambao ndio waliokuwa na sauti katika siasa za miji, waliogopa serikali kuu ya London isije ikawaamulia jinsi ya kutumia fedha zao. Ruhusa bila amri ilikuwa maafikiano ya kisiasa. Kisha likaja tukio lililowafanya watu waamini kwamba hata fedha za kodi hazihitajiki. Kwenye Maonyesho Makubwa ya 1851, ndani ya Crystal Palace pale Hyde Park, fundi bomba George Jennings aliweka vyoo vya kuvuta maji, na zaidi ya watu 827,000 wakalipa peni moja moja kuvitumia. Hesabu ilionekana nyepesi: watu wanahitaji choo, watu wako tayari kulipa, basi choo kitajilipia chenyewe.

Dhana hiyo ilijaribiwa mara moja, na inasikitisha kwamba matokeo yake yanakumbukwa na wachache kuliko umati wa Hyde Park. Februari 1852 jumuiya ya Society of Arts, kwa msukumo wa Henry Cole, mmoja wa waandaaji wa maonyesho hayo, na tajiri wa ujenzi wa reli Samuel Morton Peto, ilifungua jijini London choo cha wanaume Fleet Street na cha wanawake Bedford Street, kiingilio peni mbili. Vilitangazwa, vilikuwa na wahudumu, vilikuwa safi. Watu hawakuja kwa wingi, na ndani ya miezi michache mradi ukafungwa. Tofauti na maonyesho haikuwa ngumu kuiona. Ndani ya Crystal Palace mgeni alikuwa amezungukwa na kuta, amekwisha kulipia tiketi, na amejiandaa kutumia fedha siku hiyo. Mtaani karani au mchuuzi alikuwa na uchochoro wa bure hatua chache kutoka alipo. Ada iliwaacha nje wale wale ambao mji ulitaka waache kuchafua njia, na kwa waliobaki haikutosha kulipa mishahara na maji. Kila pendekezo la leo la kukifanya choo kijitegemee kwa sarafu za watumiaji linapaswa kujibu kilichotokea Fleet Street.

Vyoo viliongezeka pale miji ilipokubali kutumia fedha za umma bila kudai zirudi. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 manispaa zilikuwa na mapato, mabomba ya majitaka yaliyojengwa baada ya uvundo mkubwa wa mto Thames wa 1858, na fahari ya kushindana na miji jirani. Pale Rothesay, mji wa Uskoti uliopokea meli za watalii, mamlaka ya bandari ilijenga mwaka 1899 choo chenye vigae vya rangi ukutani na sakafuni, mabomba ya shaba, na matangi ya maji yenye kuta za vioo juu ya safu za kukojolea. Kilihesabiwa kuwa sehemu ya mapokezi ya mgeni, kama gati lenyewe. Lakini kilikuwa cha wanaume peke yao, na hapo ndipo upande wa pili wa hiari unapoonekana. Wanaoamua kwa hiari huamua kwa mahitaji wanayoyajua. Choo cha chini ya ardhi kilichofunguliwa mbele ya jengo la Royal Exchange, London, kilikuwa cha wanaume, na vingi vilivyokifuata vivyo hivyo, ingawa wanawake wa chama cha Ladies' Sanitary Association walipiga kelele kwa miongo kadhaa.

Mfano wa St Pancras, kaskazini mwa London, unaeleza hali hiyo kwa ukaribu. Mwandishi George Bernard Shaw aliingia katika baraza la huko mwaka 1897, akatetea choo cha wanawake eneo la Camden. Wapinzani walisema jambo lenyewe ni la aibu hata kulizungumza. Baraza liliposimamisha kiunzi cha mbao mahali palipopendekezwa ili kupima kama kingezuia njia, madereva wa magari ya farasi walikigonga makusudi kuonyesha kwamba ni kikwazo. Shaw aliona pia jambo ambalo wenzake hawakuwahi kulifikiria: mwanamume alikuwa na mahali pa haja ndogo bila malipo, ilhali mwanamke angetozwa peni kila mara, na kwa mwanamke maskini peni hiyo ilikuwa sawa na kufungiwa mlango. Ubaguzi huo haukubaki desturi tu. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Afya ya Umma ya 1936 kiliziruhusu halmashauri kutoza ada katika vyoo vyao isipokuwa sehemu za kukojolea za wanaume, na maneno hayo yaliondolewa mwaka 2008 tu.

Baada ya vita vya pili vya dunia gharama ilihama kutoka ujenzi kwenda uendeshaji, na hapo ndipo hiari ilipoanza kuwa hatari. Kujenga choo huzinduliwa kwa utepe. Kukisafisha mara kadhaa kwa siku kwa miaka 40 hakumletei diwani kura. Mhudumu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupunguzwa. Alipoondoka, uharibifu na vitendo vya uhalifu vilipata nafasi, na hivyo vikawa hoja ya kufunga jengo zima. Nakubali kwamba hofu hiyo ni ya kweli. Wakazi wanaoishi jirani na choo kilichotelekezwa wana haki ya kulalamika. Lakini kilicholeta hali hiyo ni kuondolewa kwa uangalizi, na dawa yake ni kuurudisha uangalizi. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikadiria kwamba kati ya 2010 na 2018 fedha za serikali kuu kwa halmashauri za England zilipungua kwa asilimia 49.1, mfumuko wa bei ukizingatiwa. Halmashauri iliyobanwa kiasi hicho italinda kwanza kile ambacho isipokifanya itashtakiwa. Baadhi ya majengo yameuzwa: Foley Street, katikati ya London, choo cha wanaume cha enzi za Malkia Victoria sasa ni mgahawa wa kahawa, na wateja hukaa mbele ya safu ile ile ya kaure waliposimama wanaume wa zamani.

Kuna wanaosema kwamba maduka na mikahawa yanaweza kuziba pengo. Halmashauri ya Richmond upon Thames ilianzisha katikati ya miaka ya 2000 mpango wa kuwalipa wafanyabiashara kila mwaka ili wafungue vyoo vyao kwa yeyote bila kulazimika kununua kitu, na halmashauri nyingine zikauiga. Ni mpango mzuri, ila nao unagharimiwa na umma, na saa zake ni saa za biashara. Dereva wa basi wa alfajiri au mtu asiye na makazi ambaye mwenye duka hapendi sura yake hawezi kuutegemea. Wengine wanasema anayetumia ndiye alipe. Lakini Network Rail, inayosimamia vituo vikubwa vya reli, ilifuta ada za vyoo vyake vyote kufikia Aprili 2019, na vituo havikusimama.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa halmashauri zenyewe: mkitupa wajibu bila fedha mnatuongezea mzigo. Wako sahihi. Kamati ya Bunge ilipotaka mwaka 2008 halmashauri ziwekewe wajibu wa kuwa na mkakati wa vyoo, serikali haikukubali. Wales ilifanya hivyo kwa sheria ya 2017, lakini iliamuru kuandika mkakati, haikuamuru kujenga. Halmashauri ya Cornwall ilikabidhi vyoo vyake vingi kwa mabaraza madogo ya miji na vijiji, kwa hiyo kijiji cha pwani chenye wakazi wachache kinalipia choo cha maelfu ya watalii. Wakati huo huo gharama ya kukosa choo inalipwa mahali pengine. Utafiti wa Royal Society for Public Health wa 2019 ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano hatoki nyumbani mara nyingi kama anavyotaka kwa sababu ya kukosa vyoo, na kwamba asilimia 56 hujizuia kunywa maji wakiwa nje. Mzee anayejifungia ndani, au mgonjwa wa figo anayejinyima maji, haonekani katika bajeti ya halmashauri, bali katika ya hospitali.

Mwaka 2021 Bunge lilivisamehe vyoo vya umma vya England na Wales kodi ya majengo ya biashara, kuanzia Aprili 2020. Msamaha huo unavihusu vyoo vilivyosimama peke yavyo, si vile vilivyo ndani ya maktaba. Hatua inayobaki ni kukiandika upya kifungu cha 87 ili kila halmashauri iwajibike kuhakikisha choo cha wazi kwa wote, cha bure, kwa saa zilizotangazwa, iwe kwa jengo lake au kwa mkataba na wenye maduka, na ruzuku ya uendeshaji iliyotengwa kwa jina itoke serikali kuu, ikipimwa kwa idadi ya wanaopita mjini badala ya wanaolala humo.